Mia Nane

Mwalimu alitaka insha, kurasa mbili, wino wa bluu:
"Shujaa Wangu."
Nikaandika habari za mchezaji mpira
niliyemwona mara moja, tena kwa mgongo,
kwenye televisheni ya kinyozi pale Kitangiri.
Nikapata kumi na saba kati ya ishirini.
Miaka ishirini na sita sasa, na zile alama tatu
bado zinaniwasha. Nadhani mwalimu alinusa uongo.

Basi hii ndiyo insha yenyewe. Imechelewa.

Mtu wangu alipima dagaa Mwaloni.
Jina lake Kwandu. Hakuwa mcheshi.
Ukimwamkia anaitika kwa kidevu,
macho hayabanduki kwenye mshale wa mizani.
Sigara aliivuta moto ukiwa ndani ya kinywa,
kama bibi zake wa Ukara,
na wachuuzi walimwita Jiwe,
si kwa mapenzi,
kwa kuwa hasukumiki.

Mizani za jirani zilijua kusengenya:
moja ilifichwa sumaku tumboni,
nyingine ilikuwa na kidole cha mtu,
kidole kinene, chenye pete, kimeegemea tu.
Kwandu, kila alfajiri, kabla boti za usiku hazijashusha,
alipakata jiwe lake la kilo tano,
akalipandisha, akalitazama, akalishusha,
kama mama anayempima mwanawe homa.

Mimi nilimpelekea gunia lililolowa.
Mama alikuwa kitandani, nikaona ujanja:
maji kidogo, na viganja viwili vya mchanga wa ziwani.
Nilikuwa na miaka kumi na moja.
Akatia mkono, akautoa,
akasugua kidole kwa kidole karibu na sikio langu
nisikie mchanga unavyosema.
Hakupaza sauti. Akamwaga gunia zima juu ya turubai.
"Anika. Chekecha. Nakusubiri."
Na akasubiri mpaka saa tisa, wenzake wameshafunga,
jua likituchoma sote wawili.

Hapo sikumpenda. Nilimchukia, kusema kweli.

Lakini katika kuhesabu fedha, kwa uchovu, alikosea.
Alinipunja mia nane.
Hatukujua. Mama hakuhesabu, mimi nilihesabu vibaya.
Kesho yake jioni tukasikia mtu anahema
kwenye ngazi za mawe za Mabatini,
nasi tuliishi juu kabisa,
ambako hata wadeni wetu walikuwa wakikata tamaa njiani.
Kwandu. Ndala mkononi, goti limevimba,
ameuliza nyumba kwa nyumba,
"Anakaa wapi mtoto wa mchanga?"
Akampa mama noti moja na sarafu tatu, zina joto la kiganja.
"Jana nilikosea mimi."
Akanywa maji kikombe kimoja, akashuka.

Sijui wengine huwapendea nini mashujaa wao.
Labda mabao. Labda sauti nene na msafara wa magari.
Mimi nilipendea ule mlima.
Kukiri ukiwa umeshikwa ni kazi ya mdomo;
yeye hakushikwa na mtu, alishikwa na hesabu yake,
akaipandisha kwa goti bovu.
Leo najumlisha mishahara ya watu ofisini,
na kosa langu likijibanza kati ya safu mbili
ambako hakuna atakayeliona,
nasikia mtu anahema kwenye ngazi.

Si kila mara namfungulia. Acha niandike na hilo.

Mwaka jana nilimkuta Igombe, kwa binti yake,
macho yameingia ukungu, sigara ameachishwa na daktari.
Nikamsimulia yote, gunia, turubai, ngazi,
sauti ikinisaliti.
Akafikiri. Akakuna kidevu.
"Mia nane? Sikumbuki, baba.
Mlikuwa wengi."

Kisha akaushika mkono wangu,
akavisugua vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja,
karibu na sikio lake.